Herufi za Kiarabu zimeachana na zinaanzia kushoto: nizichapishe vipi?

*"Assalaam aleikum, ndugu mtaalamu. Nina duka dogo la chapa mjini Mombasa. Madrasa moja imenipa kazi ya kijitabu cha kurasa 32 chenye sura fupi za Kurani, dua za kila siku pamoja na tafsiri zake, na kurasa chache za utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nimeyaandika yote katika Word na yanaonekana sawasawa. Nikiyanakili na kuyabandika katika programu ninayopangia kurasa, ambayo ni ya zamani lakini ndiyo niliyoizoea, herufi zinaachana, maneno yanaanzia kushoto na irabu zinakaa pasipo pake. Nimebadilisha fonti mara nyingi bila mafanikio. Kijana mmoja amenionyesha tovuti inayogeuza maandishi. Nikibandika matokeo yake yanakaribia kuwa sawa, isipokuwa baadhi ya herufi za utenzi bado zinaachana. Je, niitumie njia hiyo? Au ni lazima ninunue programu mpya? Kazi ni nakala 500 na sitaki kuharibu."*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na ombi kabla ya maelezo: kurasa zilizopitia katika tovuti hiyo usizichapishe, hata kama kwa macho yako zimekaa vizuri. Nitaieleza sababu kwa urefu, kwa kuwa kosa linalozaliwa na njia hiyo ni la aina ambayo mpangaji wa kurasa hupita juu yake bila kuligundua, ilhali mtoto wa madrasa atalisoma kama lilivyochapishwa. Kuhusu programu mpya, uwezekano ni mkubwa kwamba huna haja ya kutumia hata shilingi moja.

Uliyoyaeleza ni mambo matatu: herufi kuachana, mwelekeo kugeuka na irabu kuhama. Wengi katika kazi yetu huyachukulia kuwa kasoro moja, huipa jina la fonti mbovu, kisha huanza kupakua fonti moja baada ya nyingine. Fonti haina hatia hapa. Fonti nzuri ya Kiarabu, kwa mfano Amiri au Scheherazade New, imebeba maumbo yote yanayohitajika na pia maelekezo ya lini kila umbo litumike. Lakini maelekezo hayo hayajitekelezi, yanasubiri programu iyasome. Programu yako ilitengenezwa kwa ajili ya herufi za Kilatini, ambazo hupangwa moja baada ya nyingine kuanzia kushoto bila kubadilika umbo. Inapokutana na maandishi ya Kiarabu huchukua umbo la kwanza la kila herufi, lile la herufi iliyo peke yake, na kuyapanga kama inavyopanga Kiingereza. Ungeiwekea fonti mia moja, matokeo yangekuwa yale yale kwa sura tofauti.

Ili uelewe kwa nini Word inaonyesha sawasawa na programu yako haionyeshi, ni muhimu ujue faili linahifadhi nini hasa. Faili halihifadhi picha ya neno. Linahifadhi orodha ya herufi kwa utaratibu wa kusomwa. Katika neno كِتَاب, ya kwanza ni kafu, inafuata kasra yake, kisha te na fataha yake, kisha alifu, kisha be. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kafu ikae kulia, wala kwamba iandikwe kwa umbo la mwanzo wa neno. Hayo yote huamuliwa upya kila mara maandishi yanapochorwa kwenye kioo au kwenye karatasi. Word huyaamua, programu yako haiyaamui. Unaponakili na kubandika, kinachovuka ni ile orodha tupu, na uamuzi unabaki nyuma katika Word.

Uamuzi wa kwanza ni wa mwelekeo. Kiwango cha Unicode, yaani orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, kimeipa pia kila alama tabia yake: herufi za Kiarabu huenda kushoto, herufi za Kilatini huenda kulia, tarakimu huenda kulia hata zikiwa katikati ya sentensi ya Kiarabu, na alama kama nukta, mkato na mabano hazina upande wao wenyewe, bali hufuata majirani pamoja na mwelekeo wa aya nzima. Juu ya tabia hizo kuna kanuni ndefu ya maandishi ya mielekeo miwili, inayoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kupanga mstari wenye mchanganyiko. Kijitabu chako kina mchanganyiko huo karibu kila ukurasa: dua kwa Kiarabu, namba ya aya, jina la sura ndani ya mabano, tafsiri ya Kiswahili. Programu isiyoijua kanuni hiyo haiwezi kuibahatisha.

Uamuzi wa pili ni wa umbo, na hapa ndipo herufi zako zinapoachana. Herufi kama be ina namba moja tu katika faili, lakini huandikwa kwa maumbo manne: ikiwa peke yake, ikianza, ikiwa katikati na ikimaliza. Herufi za Kiarabu ni kama watu walioshikana mikono katika mstari, na namna kila mmoja anavyosimama inategemea kama jirani yake amenyoosha mkono au la. Alifu, dali, dhali, re, ze na wau hushikwa na aliyetangulia, lakini wao hawamshiki anayefuata, kwa hiyo neno hukatika baada yao kwa haki kabisa. Lamu ikifuatwa na alifu huungana kuwa umbo moja, لا. Mambo haya si mapambo ya mwandiko ambayo mtu anaweza kuyaacha. Neno lililoandikwa kwa herufi zilizoachana halihesabiki kuwa limeandikwa sawasawa kwa msomaji yeyote wa Kiarabu.

Uamuzi wa tatu ni wa irabu. Fataha, kasra, dhumma, sukuni na shada huhifadhiwa kila moja mara tu baada ya herufi inayoibeba, kisha programu huziweka juu au chini ya herufi hiyo kwa kufuata vituo vilivyowekwa ndani ya fonti. Kituo cha fataha juu ya lamu kiko juu zaidi kuliko kituo chake juu ya re, na ikiwepo shada, fataha hupanda juu ya shada. Programu isiyosoma vituo hivyo huidondosha irabu mahali pamoja kwa herufi zote, ndiyo maana umeona nyingine zinagusana na nukta na nyingine zinaelea mbali.

Sasa turudi kwenye tovuti ya kijana wako. Ndani ya Unicode kuna safu mbili za alama zilizowekwa kwa ajili ya mifumo ya zamani, moja ikianzia namba FB50 na nyingine FE70, ambamo kila umbo la herufi limepewa namba yake. Humo, be ya mwanzo na be ya mwisho ni alama mbili tofauti. Tovuti hiyo inayasoma maandishi yako, inachagua umbo la kila herufi kutoka katika safu hizo, kisha inaupindua mstari wote ili programu inayopanga kutoka kushoto iuonyeshe kana kwamba umeanzia kulia. Kwa kweli ni kazi ile ile aliyoifanya mpangaji wa herufi za risasi katika viwanda vya chapa vya zamani, kama kile alichokianzisha Sultani Barghash Unguja karibu na mwaka 1880: kila umbo lilikuwa kipande chake cha risasi, na jicho la mpangaji ndilo lililochagua. Tofauti ni kwamba mpangaji yule alikuwa anajua kusoma alichokuwa anakipanga.

Ila ya kwanza ya njia hiyo umeshaiona mwenyewe katika utenzi. Safu hizo za zamani zina maumbo ya herufi za Kiarabu chenyewe na za lugha chache zilizofikiriwa wakati huo. Pe (پ), che (چ) na ve (ڤ) zimo, kwa sababu zilihitajika kwa lugha nyingine za Asia. Lakini aini yenye nukta tatu juu (ڠ), ambayo baadhi ya waandishi wetu huitumia kwa sauti ya *g* au *ng'*, haimo, na herufi zote za safu ya nyongeza inayoanzia 0750, kama ݝ, hazimo pia. Tovuti ikizikuta huziacha kama zilivyo, zikabaki peke yake, na majirani zake nao wakakatika. Hakuna marekebisho ya tovuti yatakayolitatua hilo, kwa kuwa maumbo yanayotafutwa hayakupewa namba. Njia pekee ya kuyapata ni kupitia maelekezo yaliyo ndani ya fonti.

Ila ya pili ndiyo iliyonifanya nianze na ombi. Nimesema irabu huhifadhiwa baada ya herufi yake. Zana nyingi za kugeuza maandishi hupindua orodha yote bila kujali hilo, na irabu iliyokuwa nyuma ya herufi yake hujikuta nyuma ya herufi nyingine. Chukua tena كِتَاب: likipinduliwa hivyo, fataha ya te huangukia kwenye alifu, na kasra ya kafu huangukia kwenye te. Kwa mbali ukurasa una idadi ile ile ya irabu na unapendeza. Kwa anayesoma, kila irabu imehamia kwa jirani. Katika dua hilo ni kosa baya. Katika aya ya Kurani ni jambo ambalo wewe wala mwenye madrasa hamtapenda kulibeba.

Ila ya tatu huonekana aya inapozidi mstari mmoja. Maandishi yakipinduliwa yote kwa pamoja, neno la kwanza la aya huwa la mwisho katika orodha, na programu inapoyakata ili yatoshe upana wa safu, mwanzo wa aya hushuka kwenye mstari wa chini. Utapata aya inayosomwa kutoka chini kwenda juu, kila mstari ukiwa sahihi peke yake. Tarakimu nazo, zikipinduliwa kijinga, hubadilika: mwaka 1446 huwa 6441, na mabano hutazamana kinyume. Tena maandishi yaliyogeuzwa hayatafutiki wala hayahaririki. Madrasa ikirudi mwakani na kutaka neno moja libadilishwe, utaanza upya.

Kwa haki, njia hii ina mahali pake. Msomaji anayeandika programu yake mwenyewe, tuseme ya kutoa vyeti au risiti kwa kutumia maktaba ya PDF (vipande vya programu vilivyo tayari vya kutengenezea PDF) isiyojua Kiarabu, anaweza kuchagua maumbo kwa zana kama arabic-reshaper na kupanga mwelekeo kwa python-bidi, ambayo hufuata kanuni ya Unicode badala ya kupindua tu. Masharti ni kwamba mistari ikatwe kwanza, kila mstari upangwe peke yake, na maandishi yawe mafupi na yasiyo na irabu, kama jina la mtu au la duka. Kwa risiti za printa za joto, ni rahisi zaidi kuuchora mstari kuwa picha na kuituma picha hiyo kwenye printa. Kijitabu cha kurasa 32 chenye irabu zote hakimo katika kundi hilo.

Njia ninayokushauri ni kuacha kuilazimisha programu ya zamani ipange Kiarabu. Ipe ukurasa uliokwisha kupangwa. Word yako inajua kazi hiyo, na LibreOffice, ambayo haiuzwi, inaijua pia. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017 inatumia injini ya HarfBuzz kuunda maumbo ya herufi katika mifumo yote. Panga kurasa zote za ndani humo kwa ukubwa kamili wa kijitabu, hifadhi kama PDF, kisha kama unahitaji mapambo ya pembeni au jalada kutoka katika programu yako ya zamani, ingiza kila ukurasa wa PDF humo kama vile unavyoingiza picha. Ndani ya PDF maumbo yamekwisha kuchaguliwa na mahali pa kila irabu pamekwisha kupimwa; programu inayoupokea ukurasa haina la kuamua, inauweka tu mahali ulipoiambia. Huenda ukagundua kwamba kwa kurasa za ndani huihitaji programu ya zamani hata kidogo.

Katika Word, hakikisha kila aya ya Kiarabu imewekwa kuwa aya ya kulia kwenda kushoto, jambo ambalo ni tofauti na kuisogeza upande wa kulia. Bonyeza Ctrl pamoja na Shift ya upande wa kulia ukiwa ndani ya aya, au tumia kitufe chenye alama ya aya na mshale, ambacho hutokea baada ya Kiarabu kuongezwa katika lugha za kuhariri. Ukisahau hatua hii herufi zitaungana vizuri, lakini nukta ya mwisho wa sentensi itarukia upande wa kulia na mabano ya namba ya aya yatavurugika. Ikiwa nukta au mabano bado yanakaidi mahali Kiarabu kinapokutana na Kiswahili cha Kilatini, ingiza alama isiyoonekana ya mwelekeo wa kulia, yenye namba 200F, baada yake. Tafsiri ya Kiswahili iweke katika aya yake, au katika safu ya pili ya jedwali lisilo na mistari. Kuzichanganya lugha mbili katika mstari mmoja kunawezekana, lakini kwa kijitabu cha watoto ni kujitafutia taabu bila faida.

Fonti ichague kwa kuangalia utenzi kwanza, si Kurani. Fonti zilizotengenezwa kwa ajili ya msahafu pekee mara nyingi hazina herufi za ziada tunazozihitaji, na herufi isipokuwepo, kompyuta huiazima kimyakimya kutoka fonti nyingine, ambapo maungio hayaendani na wakati mwingine yanakatika. Scheherazade New, iliyotengenezwa na shirika la lugha la SIL, ina herufi nyingi zinazotumika katika lugha za Afrika na hutolewa bure. Muulize mwenye utenzi anatumia herufi gani kwa sauti zipi, kwa kuwa tahajia ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu haikuwahi kuwa moja pwani nzima. Katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliongeza alama zake mwenyewe ili kutenganisha sauti ambazo Kiarabu hakina, na hadi leo mwandishi wa Lamu na wa Mombasa wanaweza kutofautiana kwa herufi moja au mbili. Usimsahihishe kwa kukisia.

Ukubwa wa herufi usiubane. Kiarabu chenye irabu kilichopangwa kwa pointi 12, ambazo zinatosha kwa Kilatini, humchosha mtoto. Mimi hupendelea 18 au zaidi, na nafasi ya kutosha kati ya mistari ili kasra ya mstari wa juu isiguse fataha ya mstari wa chini. Usiongeze nafasi kati ya herufi na herufi, kwa kuwa hapo ndipo maungio hukatika.

Baada ya kuhifadhi PDF, fungua sifa za faili hilo na uangalie orodha ya fonti: kila moja iwe imepachikwa ndani. Ikiwa programu yako ya zamani inakataa kulipokea, tatizo kwa kawaida ni toleo la PDF, na dawa yake ni kulihifadhi tena kwa toleo la 1.4 au kwa kiwango cha PDF/X-1a. Programu ya Ghostscript, ambayo ni ya bure, huweza kulihifadhi kwa toleo la 1.4. Mwambie pia fundi wa kiwanda kitakachokuchapia kwamba faili liingizwe na lisifunguliwe kwa kuhaririwa. Mafundi wengi wana mazoea ya kuifungua PDF katika programu ya michoro ili kurekebisha kitu kidogo, na papo hapo maandishi ya Kiarabu huvunjwa na kuundwa upya na programu isiyoyajua.

Fundi akisisitiza kwamba ni lazima afungue faili, basi yabadilishe maandishi yawe michoro kabla ya kumpa. Inkscape, programu huria ya michoro, huweza kufanya hivyo na inaijua mielekeo yote miwili. Kagua kwa kukuza ukurasa: herufi za Kiarabu hupandana kidogo zinapoungana, na michoro ikiunganishwa vibaya, pale zinapopandana huweza kutokea vitobo vyeupe. Njia ya mwisho kabisa ni picha. Ukilazimika, itengeneze kwa rangi nyeusi tupu kwa nukta 1200 kwa inchi, isiwe JPEG, kwa sababu JPEG huacha ukungu pembeni mwa irabu na nukta, na katika mwandiko huu nukta moja ndiyo inayotenganisha be na nuni.

Jambo ambalo hukuliuliza lakini litakukuta ni upande wa kujalidi. Kama madrasa inataka kijitabu kifunguliwe kwa Kiarabu, uti wake, yaani upande wa mkunjo, unakaa kulia, na mpangilio wa kurasa kwenye karatasi unageuka. Katika karatasi ya nje, upande wa nje, ukurasa wa 1 hukaa kushoto na wa 32 kulia. Upande wake wa ndani, ukurasa wa 2 hukaa kulia na wa 31 kushoto. Programu za zamani hupanga kwa kudhani uti uko kushoto. Acrobat Reader, ukichagua kuchapisha kama kijitabu, ina chaguo la kujalidi kulia, na hilo linatosha kwa kazi ya stepla. Chapisha kijitabu kimoja kwenye karatasi ya kawaida, kikunje na ukihesabu kurasa kwa mkono kabla sahani za chapa hazijatengenezwa.

Sura za Kurani ninakushauri usiziache kama ulivyoziandika mwenyewe, hata kama ulikuwa mwangalifu. Chukua matini iliyokwisha kuhakikiwa. Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, hutoa matini ya Kurani kwa Unicode kwa sharti kwamba isibadilishwe, na unaweza kuibandika moja kwa moja katika Word. Uwe mwangalifu na maandishi unayoyanakili kutoka kwenye faili au tovuti nyingine: zipo fonti za msahafu wa Madina ambazo kila ukurasa kati ya kurasa 604 una fonti yake, na neno zima limepewa namba moja ya kubuni. Ukilinakili bila fonti yake unapata alama zisizoeleweka, na ukilinakili kwa fonti ya ukurasa mwingine unaweza kupata neno halisi la Kiarabu ambalo siyo lililokusudiwa. Hili la pili ni baya zaidi, kwa kuwa halijitangazi.

Kuna mambo ambayo maelezo ya maandishi hayawezi kuyamaliza. Prufu ya mwisho ni lazima isomwe na maalim wa madrasa, ikiwezekana mwenye kuhifadhi, kwa sauti, mtu wa pili akifuatisha kwenye msahafu, na isomwe kwenye karatasi iliyotoka katika faili lile lile litakalokwenda kiwandani, siyo kwenye kioo cha Word. Ukurasa ukirekebishwa baada ya hapo, usomwe tena wote. Kwa utenzi, kama mwenye utenzi hayupo na nakala ni ya mkono, tafuta mtu aliyezoea kusoma miswada. Mombasa hapo hapo Makumbusho ya Taifa ya Kenya ina taasisi ya utafiti wa Kiswahili, na huko utaelekezwa. Na kama madrasa ina mafaili ya miaka ya 1990 yaliyoandikwa kwa fonti ambazo zilibandika maumbo ya Kiarabu juu ya namba za herufi za Kilatini, usijaribu kuyaokoa peke yako. Mara nyingi ni haraka zaidi kuyaandika upya kuliko kuyabadilisha.

Kuhusu kununua programu: kwa kazi hii moja, hapana. Ikiwa kazi za Kiarabu zitakuwa sehemu ya kudumu ya duka lako, jaribu kwanza Scribus kuanzia toleo la 1.6 lililotoka Januari 2024. Matoleo ya 1.4 hayakuwa na uwezo huu, na sehemu kubwa ya kuupata ilifanywa na kundi la waandishi wa programu huria kutoka Oman. Scribus ni ya bure, ingawa utahitaji muda wa kuizoea, na bado ina ukakasi hapa na pale. InDesign ya sasa inafanya kazi hii kwa ufasaha zaidi ukichagua mpangaji wa lugha za dunia (World-Ready Composer) katika mipangilio ya aya, lakini hulipiwa kila mwezi, na kwa duka dogo ni vyema uhesabu kwanza kazi za aina hiyo unazopata kwa mwaka.

Wateja wa namna hii hurudi. Hifadhi faili la Word, fonti ulizotumia na PDF iliyokwenda kiwandani katika folda moja, pamoja na prufu iliyotiwa saini na maalim kila ukurasa. Ikitakiwa chapa ya pili, rekebisha katika Word na utoe PDF mpya. Usiiguse PDF ya zamani.